Kichwa cha Gia Kinachotetema: Jinsi ya Kuchagua Kipya Kitakachotulia Mkononi

Swali hili hunifikia mara kwa mara, kila muulizaji akilileta kwa maneno yake. Mmoja husema mkono wa gia unawasha kiganja anapokuwa barabara kuu. Mwingine husema kuna mlio mwembamba kama wa nyuki unaotoka katikati ya viti na kunyamaza akigusa gia. Wote huishia kuuliza jambo lile lile: je, nikinunua kichwa kizito cha chuma, mtetemo utaisha? Mara nyingi utapungua sana, ila kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba mtetemo wenyewe usiwe dalili ya kitu kilichokufa chini ya gari. La pili ni kwamba kichwa kichaguliwe kwa nyuzi zake, yaani mistari ya skrubu inayokifunga kwenye fimbo, na uzito wake, kabla ya kutazamwa rangi na umbo.

Kichwa cha gia ninachokizungumzia ni kile kifundo kinachokaa kwenye kiganja, juu kabisa ya mkono wa gia. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utasikia kikiitwa nobu. Mwongozo huu ni wa gari ndogo, pikapu na basi dogo zenye gia za kubadilisha kwa mkono. Gari za otomatiki zenye kitufe kwenye kichwa zina mfumo wake ndani na hazihusiki hapa. Vilevile, ukiwa na lori ambalo kichwa chake cha gia kina swichi au vipira vya upepo vya kubadili gia za juu na za chini, usikifungue kwa kufuata maelezo haya, kwa sababu mipira hiyo ni sehemu ya uendeshaji wa giaboksi na ikichomoka gari haliwezi kwenda salama.

Machache kuhusu mtetemo wenyewe

Mkono wa gia ni fimbo iliyoshikwa chini na kuachwa huru juu, na kila fimbo ya namna hiyo ina kasi yake moja ambayo ikichokozwa kwayo hutetema kwa nguvu kuliko kasi nyingine zote. Mchokozi ni injini. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika inapiga mapigo 25 kila sekunde, na ikifika mizunguko 2400 inapiga mapigo 80. Mapigo hayo yakilingana na kasi ambayo fimbo inaipenda, ndipo kiganja kinapoanza kuwasha. Ukiongeza uzito kileleni mwa fimbo, kasi hiyo inayopendwa hushuka, na mtetemo huhamia kwenye mizunguko ya chini zaidi.

Neno la kushika hapo ni "huhamia". Uzito hauuwi mtetemo. Huupeleka mahali pengine, na kazi yako ni kuhakikisha umeupeleka mahali ambapo injini yako haikai muda mrefu. Chukua mkono unaotetema vibaya kwenye mizunguko 2400. Ukiongeza nusu ya uzito unaotikisika kileleni, utausogeza hadi karibu mizunguko 1960, na ukiuongeza mara mbili utaufikisha karibu 1700. Kwa dereva wa masafa marefu huo ni unafuu mkubwa. Kwa dereva wa mjini, anayeshinda kati ya mizunguko 1500 na 2000, huenda ikawa amelipa fedha ili aletewe mtetemo karibu zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri, au kalipa (kifaa cha kupimia unene) ukiweza kuazima kwa fundi.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.
- Plagi ya zamani ya gari la petroli, ambayo fundi yeyote atakupa bure.
- Kipande cha tyubu ya gurudumu, cha kushikia kichwa kilichogoma kufunguka.
- Vipande vya risasi vya kunata vinavyotumika kubalansi magurudumu, gramu 200 hivi, kutoka kwa fundi wa matairi.
- Tepu nyeusi ya umeme, na tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba.
- Kitambaa safi na mafuta kidogo ya taa ya kusafishia nyuzi.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kusoma mizunguko ya injini wakati wa majaribio ya barabarani, ili wewe macho yako yabaki mbele.

Hatua ya 1: Jua mtetemo unatoka wapi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kichwa kizito kilichofungwa juu ya ubovu hufanya jambo la hatari: kinanyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa uendelee.

Egesha gari mahali tambarare, vuta handibreki hadi mwisho, weka nyutro, na uiache injini ipate moto wa kawaida. Weka kiganja kwenye mkono wa gia, kisha kwenye usukani, kisha kwenye kiti. Ikiwa vyote vitatu vinatikisika, tatizo lako haliko kwenye gia. Mara nyingi ni raba za kushikilia injini, yaani maunti, ambazo zimepasuka au zimekuwa ngumu. Au ni silinda moja isiyowaka sawasawa. Au ni sailensa iliyoshushwa chini ya kiwango cha mtengenezaji. Hayo yarekebishwe kwanza. Nimeona watu wakibadilisha vichwa vya gia viwili na vitatu kwenye gari ambalo maunti yake ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili.

Kama mkono wa gia pekee ndio unaotetema, kanyaga klachi hadi chini, ukiwa bado kwenye nyutro, na usikilize. Klachi ikiachiwa kwenye nyutro, shafti ya kuingilia giaboksi inazunguka. Klachi ikikanyagwa, shafti hiyo inasimama. Mtetemo au mlio ukipungua ghafla unapokanyaga, chanzo kiko upande huo: beringi, au springi za sahani ya klachi zilizochoka. Peleka gari kwa fundi wa giaboksi kabla ya kufikiria nobu.

Mtetemo usipobadilika kwa klachi, pandisha mizunguko polepole sana ukiwa kwenye nyutro, na andika unaanza kwenye mizunguko mingapi na kuisha kwenye mingapi. Hapa ndipo penye jibu lako. Mtetemo unaotokea kwenye kipande kifupi, tuseme kati ya 2200 na 2600, kisha ukapotea, ni ule wa fimbo kupatana na injini, nao ndio unaotibika kwa uzito. Mtetemo unaoanza chini na kuzidi kadiri injini inavyopanda, bila kupumzika, kwa kawaida ni wa kitu kilicholegea.

Halafu zima injini, ingiza gia ya tatu, na usukume mkono wa gia kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukicheza sana, kama kijiko ndani ya kikombe, bushi, yaani vipete vinavyoshika maungio ya mkono, zimekwisha. Kwenye pikapu nyingi za Toyota za kuendesha magurudumu ya nyuma, mkono wa gia unaingia moja kwa moja juu ya giaboksi na kukalia kikombe kidogo cha plastiki ambacho huliwa na kusagika baada ya miaka mingi. Ni kipuri kidogo, na kukibadilisha kunaweza kuondoa mtetemo ambao hakuna nobu ingeuondoa. Kwenye gari zinazoendesha magurudumu ya mbele, kama Toyota Probox, mkono umeunganishwa na giaboksi kwa kebo, na bushi za kukaguliwa ziko kwenye ncha za kebo hizo.

Onyo: mtetemo unaotegemea mwendo wa gari barabarani, ukitokea kwenye kilomita 80 kwa saa iwe uko gia ya nne au ya tano, unatoka kwenye magurudumu au propela shafti. Usiutafute kwenye gia.

Hatua ya 2: Fungua kichwa cha zamani

Vichwa vingi vya gari za Kijapani vina nyuzi ndani, na hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Shika mkono wa gia chini ya kichwa kwa mkono mmoja ili usipindishe chochote ndani, kisha zungusha kichwa kwa mkono mwingine. Kikigoma, kifunge kipande cha tyubu upate mshiko, au kiwekee kitambaa kilicholowa maji ya moto kwa dakika chache ili gundi ya kiwandani ilegee. Usipeleke spana ya bomba kwenye fimbo. Meno yake huacha makovu ambayo baadaye hukata ngozi ya gia, ile inayofunika shina la mkono.

Kama kuna pete ya kuinua ili kuingiza rivasi, angalia imeshikwaje kabla hujalazimisha. Pete hiyo mara nyingi ina kamba au fimbo ndogo ndani, na kichwa kipya ni lazima kiiachie nafasi ya kupanda na kushuka. Magari mengi ya BMW hayana nyuzi kabisa: kichwa huvutwa kwenda juu, tena hutoka ghafla, kwa hiyo weka uso wako mbali na njia yake. Magari mengi ya Volkswagen yana kichwa na ngozi vilivyoungana, vikashikwa kwa klipu. Kwa magari ya aina hizi, nunua kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, na usihangaike na hatua ya 4.

Hatua ya 3: Washa injini mkono ukiwa mtupu

Kabla ya kwenda dukani, washa injini bila kichwa, gari likiwa limesimama kwenye nyutro na handibreki imevutwa, upandishe tena mizunguko hadi pale palipokuwa na mtetemo. Kama mlio umetoweka kabisa, huenda kilichokuwa kikilia ni kichwa chenyewe: bushi ya ndani imeachana na plastiki ya nje, au raba iliyo kati yake imekauka ikawa kama jiwe. Hapo kichwa kipya chenye uzito ule ule kinatosha.

Tingisha pia fremu ya plastiki inayoshika ngozi ya gia. Nimewahi kutafuta mlio kwa siku tatu kwenye gari la jamaa yangu, na mwishowe ukawa ni klipu moja ya fremu hiyo iliyovunjika. Kipande cha sponji kilimaliza kazi.

Hatua ya 4: Pima nyuzi

Nyuzi hutajwa kwa namba mbili: unene wa fimbo, na umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Toyota nyingi ni milimita 12 kwa 1.25. Subaru nyingi ni hivyo hivyo. Nissan nyingi, Mazda na Mitsubishi ni 10 kwa 1.25, na Honda ni 10 kwa 1.5. Ichukulie orodha hii kama mahali pa kuanzia tu, kwa sababu mkono wa gia wa gari lililotumika huenda ulishabadilishwa na mwenye gari aliyekutangulia. Pima wa kwako.

Unene ni rahisi: kalipa, au rula ikishikwa sawasawa juu ya fimbo. Kwa umbali wa nyuzi, laza rula kando ya fimbo na uhesabu nafasi kumi kutoka kilele cha uzi hadi kilele cha uzi. Nafasi kumi zikichukua milimita 12.5, umbali ni 1.25, zikichukua milimita 15, umbali ni 1.5. Kama nyuzi ni chache, hesabu nafasi nne: utapata milimita 5 au 6.

Halafu hakikisha kwa plagi. Nyuzi za plagi ya kawaida ya milimita 14 zina umbali wa 1.25. Ilaze ubavuni mwa mkono wa gia, nyuzi kwa nyuzi, na utazame kwa kuelekeza kwenye mwanga. Zikiingiana kama meno ya vitana viwili na mwanga usipenye, umbali wako ni 1.25. Zikipandana, jaribu kwa bolti ya gurudumu la gari dogo la Toyota, ambayo ni ya umbali wa 1.5. Unene hauna neno hapa, kwa kuwa unalinganisha umbali peke yake.

Onyo: nati ya gurudumu ya Toyota ni 12 kwa 1.5, na mkono wa gia wa Toyota ni 12 kwa 1.25. Wapo wanaopima mkono wa gia kwa nati ya gurudumu la gari lile lile, wakaona imeingia duru moja, wakaikaza, na kuziharibu nyuzi. Nati ya gurudumu ya Nissan au Subaru, ambayo ni 12 kwa 1.25, ndiyo inayoingia kwa vidole bila kulazimishwa.

Nami niliwahi kununua kichwa kizuri cha chuma kwa kukipenda tu. Muuzaji aliniambia kinaingia gari lolote, kwa sababu kilikuwa na vijiskrubu vitatu pembeni na vikombe vya plastiki vya ukubwa mbalimbali. Nilikifunga kwenye pikapu yangu ya dizeli, na kabla sijamaliza wiki vijiskrubu vilikuwa vimelegea vyote, kichwa kinazunguka mkononi, na mlio umekuwa mkubwa kuliko awali. Tangu hapo simshauri mtu kununua kichwa cha vijiskrubu kwa ajili ya kupunguza mtetemo. Kinakaa kwa ncha tatu tu, na mtetemo ndio hasa unaozilegeza ncha hizo.

Hatua ya 5: Jaribu uzito kabla ya kuulipia

Pima kichwa cha zamani kwenye mizani. Vingi vya kiwandani vya plastiki na ngozi huwa chini kidogo au juu kidogo ya gramu 100. Kirudishe kwenye gari ukikaze. Chukua vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, ambavyo huja vimekatwa gramu 5 na gramu 10, uvipange kuzunguka shingo ya kichwa, na uvifunge kwa tepu nyeusi kwa nguvu sana, maana risasi iliyolegea italia yenyewe na kukuharibia jaribio.

Anza na gramu 60. Nenda kwenye barabara unayoitumia kila siku, msaidizi akiwa pembeni, na kila mtetemo unapoanza mwambie asome mizunguko na kuandika. Simama mahali salama, ongeza 60 nyingine, urudie. Endelea hadi upate uzito ambao mtetemo umeshuka chini ya mizunguko unayoitumia zaidi, kisha ongeza mara moja zaidi uone kama kuna faida ya ziada. Kwa kawaida utaona faida kubwa mwanzoni, halafu inapungua. Jumla ya kichwa cha zamani na risasi zilizobaki juu yake ndiyo uzito wa kichwa cha kununua, ukikubali tofauti ya gramu 30 juu au chini.

Jaribio hili linachukua saa moja na gharama yake ni ndogo, nalo hukueleza kuhusu gari lako jambo ambalo muuzaji hawezi kukueleza. Kama hata gramu 200 hazikubadilisha kitu, usinunue kichwa. Rudi hatua ya 1, hasa kwenye bushi na maunti.

Hatua ya 6: Chagua malighafi ya kichwa

Ukishajua uzito, malighafi hujichagua kwa sehemu kubwa. Kwa tufe kamili la kipenyo cha milimita 50, ambalo hujaza kiganja cha mtu mzima, chuma kitakuwa na gramu kama 500 kabla ya kutobolewa, alumini gramu kama 175, na plastiki ngumu nyeupe ya viwandani gramu kama 90. Ndiyo maana kichwa cha alumini kinachong'aa kama chuma huwakatisha tamaa wanunuzi: kinaonekana kizito, na sicho. Chukua mizani yako dukani, au omba kukipima. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Chuma kitupu kina kasoro moja ambayo katika nchi zetu si ndogo. Egesha gari juani Dodoma saa nane mchana, kisha jaribu kushika gia. Kama gari lako hulala juani, tafuta kichwa chenye kiini cha chuma na ngozi au raba nje. Ngozi ya nje pia inameza sehemu ya ule mtetemo mwembamba unaosikika zaidi kwenye vidole, ambao uzito peke yake hauufikii vizuri.

Mpingo nao unastahili kutajwa. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na tufe la milimita 50 la mpingo lina gramu kama 80, sawa na vichwa vingi vya kiwandani. Kwa hiyo hauongezi uzito, lakini hauchomi mkono juani na unashikika vizuri. Anayetaka uzuri wake pamoja na uzito anaweza kumwomba fundi wa kukereza atie ndani silinda ya shaba nyeupe au chuma yenye nyuzi zilizopimwa katika hatua ya 4. Nyuzi zisikatwe kwenye mti wenyewe, kwani zitaliwa upesi.

Onyo la uzito: gramu 400 au 500 si za kila gari. Kwenye giaboksi iliyochoka, kichwa kizito kikirushwarushwa na barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati kinaweza kuivuta gia itoke yenyewe. Vilevile uzito huo husukuma gia iingie haraka kwa nguvu yake, na dereva akizoea kuuachia, pete za shaba zinazolinganisha mzunguko wa gia huliwa kabla ya wakati. Kwa gari linalofanya kazi nje ya lami, mimi sivuki gramu 300, hata kama jaribio la risasi limependekeza zaidi.

Hatua ya 7: Kimo na umbo

Kichwa kirefu huongeza urefu wa mkono mzima, na mkono mrefu hubadilisha gia kwa mwendo mpana zaidi. Kifupi hufanya kinyume, lakini kinahitaji nguvu zaidi. Usitofautiane na cha zamani kwa zaidi ya sentimita mbili. Ingiza gia zote za mbele na rivasi kwa kuwaza nafasi ya mkono wako: kuna kichwa kipana ambacho kwenye gia ya tano kinagusa redio. Kama hakina mchoro wa gia, bandika stika yenye mchoro kwenye dashibodi, kwa ajili ya atakayeendesha gari hilo siku usiyokuwepo.

Hatua ya 8: Funga

Safisha nyuzi za fimbo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, uzikaushe. Zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili au tatu, kwa kufuata mshale wa saa ukitazama kutoka juu, ili kichwa kinapoingia kiikaze badala ya kuifungua. Tepu hiyo hujaza nafasi ndogo kati ya nyuzi, mahali ambapo mlio mwingi huzaliwa. Ingiza kichwa kwa vidole. Ni lazima kiende duru tatu au nne bila kutumia nguvu yoyote. Kikikaza mapema, kitoe upime nyuzi upya.

Ikiwa kuna nati ya kufungia chini ya kichwa, izungushe hadi mwisho wa fimbo kwanza, kisha kaza kichwa, geuza mchoro wake utazame dereva, na urudishe nati juu hadi ikibane. Hii ndiyo njia bora kuliko zote. Kama hakuna nati, tone moja la gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, ile ya buluu, linatosha, nalo hutumika badala ya tepu, si pamoja nayo. Usitumie nyekundu, kwani itahitaji moto mkali kuachia. Na kama nyuzi za ndani ya kichwa ni za plastiki, usitie gundi kabisa, kwa kuwa baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo; baki na tepu.

Hatua ya 9: Jaribu tena kwa wiki moja

Rudia safari ile ile ya jaribio la risasi, na ulinganishe maandishi. Baada ya siku mbili kaza tena kwa mkono, kwa sababu tepu hujikandamiza. Achana pia na mazoea ya kuegemeza kiganja juu ya gia wakati wa mwendo. Wengi walianza kufanya hivyo ili kunyamazisha mtetemo, na uzito wa mkono ukasukuma uma za ndani ya giaboksi zisuguane na pete zinazozunguka.

Mambo yakienda kombo

*Mtetemo umehamia kwenye sailensa.* Uzito umezidi. Punguza gramu 50 hadi 100, au hakikisha kwanza kwamba sailensa iko kwenye kiwango cha mtengenezaji.

*Mtetemo umepungua, lakini kuna mlio mwembamba uliobaki.* Kaza nati. Ukibaki, weka pete ya raba kati ya nati na kichwa, kisha kagua tena fremu ya ngozi na pete ya rivasi.

*Kichwa kinajifungua kila baada ya siku chache.* Nyuzi hazilingani, au zilikwisha kuliwa. Kichwa cha 1.5 kwenye fimbo ya 1.25 kinaweza kuonekana kimeingia ilhali kimeshika uzi mmoja au miwili tu. Usikikaze zaidi. Kama nyuzi za fimbo zimeharibika kidogo, fundi mwenye vifaa vya kukatia nyuzi anaweza kuzipitia upya kwa kipimo kile kile.

*Mchoro unatazama pembeni baada ya kukaza.* Usilazimishe robo duru ya mwisho. Toa kichwa, punguza au ongeza duru moja ya tepu, au sogeza nati.

*Rivasi haiingii.* Kichwa kimekaa chini mno na kuibana pete ya kuinua. Kipandishe kwa kutumia nati kama kituo, na usiendeshe gari mpaka rivasi iingie na kutoka bila kukwama.

*Gia inatoka yenyewe kwenye barabara mbaya.* Rudisha kichwa cha zamani siku hiyo hiyo. Gia ikiacha kutoka, uzito ulikuwa mkubwa kwa giaboksi hiyo, nawe chagua chini ya gramu 200. Ikiendelea kutoka hata kwa kichwa cha kiwandani, springi zinazoshikilia gia zimechoka au maunti ya giaboksi imekatika, na gari linapaswa kupelekwa kwa fundi kabla ya safari inayofuata.